Kamba Hukatikia Pabovu, Lakini Ni Nani Aliyeivuta?

Wahenga waliponena kwamba kamba hukatikia pabovu, walisema kweli ambayo mvuvi, mchungaji na mjenzi wote waliifahamu kwa mikono yao. Hata hivyo, methali hiyo imeacha jambo moja bila kulitaja: haimtaji aliyeivuta kamba. Kitenzi chake chenyewe kinamficha. Mwanafunzi yeyote wa sarufi akikichambua kitenzi 'hukatikia' ataona kwamba ndani yake mna kiambishi cha kutendeka, na kauli ya kutendeka huonyesha hali iliyokifikia kitu bila kumhusisha mtendaji. Chungu kimevunjika. Nguo imechanika. Kamba imekatika. Kauli ya kutendwa, kwa upande wake, huuacha mlango wazi: chungu kimevunjwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyekivunja.

Tofauti hiyo ya kiambishi kimoja ndiyo kiini cha mjadala kuhusu majeraha ya wachezaji wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani, hasa majeraha yaliyotokea katika msimu wa mwaka 2020 baada ya ratiba ya mazoezi kuvurugwa. Aghalabu majeraha hayo husimuliwa kwa kauli ya kutendeka: mchezaji ameumia, msuli umechanika, kano imekatika. Makala haya yanashikilia kwamba usimulizi huo haujakamilika. Maandalizi ya mwili yanapokatizwa kisha kufupishwa, majeraha yanayofuata hayastahili kuitwa bahati mbaya, kwa maana kuna watu walioketi mezani, wakaipanga kalenda, na kuamua ni nani atakayeubeba mzigo wa siku zilizopungua.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu si wa kwao, maelezo machache yatafaa. Besiboli huchezwa na timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji tisa. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo, umbali wa mita zipatazo 18 kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo, kisha humrushia mpira kwa nguvu na hila ili asiweze kuupiga. Katika Ligi Kuu ya Marekani, yenye vilabu 30, mpira huo mara nyingi huzidi kasi ya kilomita 150 kwa saa. Msimu kamili una mechi 162 kwa kila timu, na mechi hizo huchezwa karibu kila siku kwa muda wa miezi sita.

Mzigo mkubwa wa kazi hiyo huuangukia mkono wa mrushaji. Bega huzunguka kwa kasi ya ajabu, nacho kiwiko huvutwa kwa nguvu upande wa ndani, mahali ambapo kano fupi huushikanisha mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa kigasha. Kano hiyo ndiyo mahali pabovu pa kamba. Hadi mwaka 1974, mrushaji aliyekatika kano hiyo alihesabiwa kuwa amemaliza kazi yake. Mwaka huo daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji mrushaji Tommy John wa klabu ya Los Angeles Dodgers, akachukua kano kutoka mkono mwingine wa mchezaji huyo na kuipandikiza kwenye kiwiko kilichoharibika. John alirejea uwanjani mwaka 1976 na kushinda mechi nyingine 164 kabla ya kustaafu. Tangu hapo upasuaji huo umeitwa kwa jina lake, na kupona kwake huchukua mwaka mmoja au zaidi. Jeraha la kiwiko, basi, linaweza kumnyang'anya mtu zaidi ya msimu mzima wa maisha yake mafupi ya kazi.

Kwa sababu ya hatari hiyo, vilabu huwaita wachezaji kambini katika majimbo ya Florida na Arizona kuanzia katikati ya mwezi Februari, majuma sita hivi kabla ya mechi za ligi kuanza. Warushaji na wadakaji ndio hutangulia kufika, kwani mkono wa mrushaji hauwezi kuharakishwa. Mrushaji huanza kwa kurusha mipira michache bila kutumia nguvu zote, kisha huongeza idadi na kasi hatua kwa hatua, akipumzika siku kadhaa baina ya mazoezi makali, hadi afikie kiwango cha kuweza kurusha mipira 90 au 100 katika mechi moja. Sababu yake iko katika maumbile. Misuli huitikia mazoezi kwa muda wa majuma machache tu, ilhali kano hupata damu kidogo na kwa hiyo hujiimarisha polepole zaidi. Mtu anaweza kujihisi ana nguvu tele misulini huku kano zake zikiwa bado hazijawa tayari kuzistahimili nguvu hizo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mrushaji hakijazwi kwa siku moja.

Mwaka 2020 mpango huo ulivunjwa katikati. Tarehe 12 Machi, majuma mawili kabla ya siku iliyopangwa kufungua msimu, kambi zilisimamishwa kwa sababu ya janga la korona. Wachezaji waliokwisha kufika karibu na kilele cha maandalizi walirudi makwao. Baadhi yao walikuwa na vifaa vya mazoezi nyumbani. Wengine walirusha mpira ukutani au kwenye wavu uliotundikwa uani. Hakuna aliyejua kama msimu ungeanza baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu, au usingeanza kabisa, na mtu asiyejua tarehe ya safari hawezi kujua ni lini afunge mizigo yake.

Hadi hapo hakuna wa kulaumiwa. Janga halikuletwa na kamishna wala na wamiliki wa vilabu. Lakini yaliyofuata katika miezi ya Mei na Juni hayakuletwa na virusi. Wamiliki na chama cha wachezaji walivutana kuhusu malipo: mechi ngapi zichezwe, na mchezaji alipwe sehemu gani ya mshahara wake iwapo mashabiki hawataruhusiwa kuingia uwanjani. Mapendekezo yalipelekwa na kurudishwa. Hatimaye, tarehe 22 Juni, upande wa ligi chini ya kamishna Rob Manfred ulitangaza kwamba ungeweka ratiba bila mwafaka kamili. Kambi zilifunguliwa mwanzoni mwa Julai, na mechi ya kwanza ikachezwa tarehe 23 Julai. Maandalizi ya majuma sita yakawa ya majuma matatu. Kisha mechi 60 zikabanwa ndani ya siku 67.

Matokeo yake hayakukawia. Tarehe 24 Julai, Justin Verlander wa Houston Astros, mmoja wa warushaji mashuhuri wa kizazi chake, alirusha katika mechi yake ya kwanza ya msimu. Ilikuwa pia ya mwisho. Aligunduliwa kuwa na jeraha la kigasha, na mwezi Septemba ikatangazwa kwamba angehitaji upasuaji wa Tommy John. Hakucheza tena hadi mwaka 2022. Tarehe 26 Julai, Corey Kluber wa Texas Rangers, aliyewahi kutuzwa mara mbili kuwa mrushaji bora wa ligi yake, alitoka baada ya awamu moja tu kwa sababu ya msuli uliochanika nyuma ya bega. Msimu wake ukaishia hapo.

Ni kweli kwamba mifano ya watu wawili haithibitishi kanuni. Verlander alikuwa na umri wa miaka 37 na alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kinena mwezi Machi mwaka uo huo. Kluber naye alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya msimu wa 2019 kwa kuvunjika mfupa wa kigasha baada ya kupigwa na mpira. Ndiyo maana ushahidi wa jumla una uzito kuliko visa vya watu binafsi. Watafiti wa tiba ya michezo waliulinganisha msimu wa 2020 na misimu ya 2018 na 2019, wakahesabu majeraha kwa kila mara 1,000 ambazo mchezaji aliingia mchezoni. Kipimo hicho ni cha haki, kwani msimu mfupi hauwezi kulinganishwa na msimu mrefu kwa idadi tupu ya majeruhi. Waligundua kwamba kiwango kilipanda kutoka majeraha 5 na kitu hadi zaidi ya 8. Yaani, kwa kila majeraha matatu ya kawaida, msimu uliovurugwa ulizaa takriban matano.

Besiboli haikuwa ya kwanza kulipa gharama hiyo. Mwaka 2011 wamiliki wa vilabu vya ligi ya kandanda ya Kimarekani waliwafungia wachezaji milango kwa muda wa miezi minne na zaidi kwa sababu ya mzozo wa mkataba. Wachezaji hawakuweza kufanya mazoezi chini ya wakufunzi na wahudumu wa afya wa vilabu vyao. Milango ilipofunguliwa, kambi zilianza karibu papo hapo. Katika siku 12 za mwanzo, wachezaji 10 walikatika kano ya kisigino, na wengine wawili katika siku 17 zilizofuata. Hapakuwa na virusi mwaka huo. Palikuwa na mkataba uliochelewa na kalenda iliyokataa kusogezwa.

Somo hilo lilikuwa limeandikwa na kusomwa miaka tisa kabla ya 2020. Tena wasimamizi wa besiboli hawakuwa gizani. Mwaka 2020 kila klabu iliruhusiwa kuanza msimu na wachezaji 30 badala ya 26 wa kawaida, na mechi mbili zilizochezwa siku moja zilifupishwa kutoka awamu tisa hadi saba. Mwaka 2022, baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99 na kambi kubanwa ndani ya muda usiofika mwezi mmoja, vilabu viliruhusiwa tena kuwa na wachezaji 28 hadi tarehe 1 Mei. Hatua hizo zilikuwa za busara, na anayezipinga hana hoja. Lakini hatua ya busara ni ushahidi pia. Anayeweka ndoo ya maji kando ya jiko amekiri kwamba anaujua moto. Wasimamizi walijua kwamba mikono ya warushaji haikuwa tayari, na kwa kujua hivyo wakaongeza idadi ya watu wa kuchukua nafasi za wale watakaoumia. Walijiandaa kwa majeraha badala ya kuyazuia.

Katika kisa cha 2022 kuna jambo la kusikitisha zaidi. Kwa siku zote 99 za mzozo, wahudumu wa afya wa vilabu hawakuruhusiwa kuwasiliana na wachezaji, wakiwemo waliokuwa wakipona kutokana na upasuaji. Mtu aliyeshonwa kiwiko alitenganishwa na mtaalamu aliyekuwa akimwelekeza namna ya kukikunja na kukinyoosha, si kwa sababu ya ugonjwa wala vita, bali kwa sababu mawakili wa pande mbili hawajaafikiana. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi zina majina na nambari migongoni.

Wapo watakaopinga msimamo huu, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ni kwamba wachezaji wenyewe, kupitia chama chao, walikuwa mezani. Walitaka kucheza, na walilipwa kwa kadiri ya mechi zilizochezwa. Mgala muue na haki yake mpe: hilo ni kweli, na chama cha wachezaji hakiwezi kunawa mikono. Lakini mtu anayelipwa kwa siku anapoambiwa kwamba kila siku ya maandalizi inapunguza siku za malipo, chaguo lake si huru kama linavyoonekana. Ni sawa na kumwambia msafiri achague baina ya kungoja mvua ipite na kulikosa basi la mwisho.

Hoja ya pili ni kwamba majeraha ya warushaji yamekuwa yakiongezeka hata katika miaka ambayo ratiba haikuvurugwa. Nayo ni kweli. Ripoti iliyotolewa na Ligi Kuu mwezi Desemba 2024 ilionyesha kwamba idadi ya mara ambazo warushaji waliandikishwa katika orodha ya majeruhi ilipanda kutoka 212 mwaka 2005 hadi 485 mwaka 2024. Wastani wa kasi ya mpira wa moja kwa moja nao ulipanda kutoka maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 hadi 94.2 mwaka 2024, na ripoti hiyo ilizitaja mbio za kutafuta kasi kuwa miongoni mwa sababu kuu. Hata hivyo, hoja hii haiupunguzi uzito wa ratiba. Inauongeza. Ikiwa kamba tayari imevutwa hadi karibu na ukomo wake, basi kuipunguzia muda wa kuimarika ni kosa kubwa zaidi kuliko ambavyo lingekuwa miaka ishirini iliyopita. Mrushaji wa leo ana nafasi finyu zaidi ya makosa, na kalenda inayomtendea kana kwamba ni mrushaji wa jana inamdhulumu.

Hoja ya tatu, ambayo husikika sana miongoni mwa mashabiki, ni kwamba wachezaji hawa ni matajiri, na tajiri akiumia ana dawa ya kujitibu. Hoja hii inawatazama Verlander na wenzake wachache na kuwasahau wengi. Verlander alirejea mwaka 2022 na kutuzwa kwa mara ya tatu kuwa mrushaji bora wa ligi yake. Kluber hakuwa na bahati hiyo kamili. Tarehe 19 Mei 2021, akiichezea New York Yankees, alirusha mechi nzima bila wapinzani kupata pigo hata moja la kuwafikisha kituoni, fahari ambayo warushaji wengi hustaafu bila kuionja. Katika mechi yake iliyofuata aliumia bega na kukaa nje kwa miezi mitatu hivi. Chini ya hao wako vijana wa ligi ndogo. Msimu wao wa 2020 ulifutwa wote tarehe 30 Juni, na wakati wa kusubiri walikuwa wakipewa posho ya dola 400 kwa juma. Waliporejea mwaka 2021 baada ya zaidi ya mwaka mzima na nusu bila mechi za ushindani, walikuta timu zao zenyewe zimepunguzwa kutoka 160 hadi 120. Kijana wa aina hiyo anapohisi maumivu kiwikoni hawezi kusema kwa urahisi. Anajua kwamba nyuma yake kuna safu ya wengine wanaoingoja nafasi yake. Kwake yeye, jeraha moja halimpotezei msimu tu. Linaweza kumpotezea ndoto aliyoibeba tangu utotoni.

Nini basi kifanyike? Jambo la kwanza ni kuitambua kalenda ya mwili katika mikataba yenyewe. Mikataba hiyo hutaja kwa kina mishahara, likizo, usafiri na mgao wa mapato. Inafaa itaje pia idadi ya chini kabisa ya siku za maandalizi baada ya usitishaji wowote, iwe chanzo chake ni janga au mzozo, na idadi hiyo iwekwe na wataalamu wa tiba kabla ya mzozo kuanza, wakati ambapo hakuna upande unaoweza kuitumia kama silaha. Iwapo siku hazitoshi, zipunguzwe mechi, yasipunguzwe maandalizi. Jambo la pili ni kuuweka uhusiano wa mgonjwa na mhudumu wake wa afya nje ya uwanja wa vita. Milango ya viwanja inaweza kufungwa, lakini mlango wa tiba usifungwe. La tatu ni kuweka kikomo cha mipira inayorushwa katika majuma ya mwanzo ya msimu wowote uliochelewa, kikomo kinachomfunga kocha hata pale anapoutamani ushindi. La nne, na lisisahaulike, ni kuwahusisha vijana wa ligi ndogo katika kinga hizo zote, kwani huko ndiko mikono ya kesho inakokuzwa au kuharibiwa.

Hayo si mambo ya kungoja. Mkataba uliomaliza mzozo wa 2022 ulipangiwa kufikia ukomo tarehe 1 Desemba 2026, na historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba mikataba inapokwisha, milango hufungwa. Ilifungwa mwaka 1990. Mgomo wa wachezaji ulioanza Agosti 1994 ulidumu hadi Aprili 1995, na msimu uliofuata ulianza baada ya maandalizi ya majuma matatu hivi. Ikafungwa tena Desemba 2021. Kila mara, siku zilizopotea mezani zilidaiwa kutoka kwa misuli na kano za watu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha ana neno la kuchangia hata katika mjadala wa tiba na michezo. Kiswahili kina utajiri wa kauli ambao lugha nyingi zingeuonea wivu. Kinaweza kusema 'ameumia', kinaweza kusema 'wamemuumiza', na kinaweza kusema 'ameumizwa'. Kila kauli ina mahali pake. Mchezaji anayeteguka kifundo kwa kukanyaga vibaya ameumia, na hakuna haja ya kumtafuta mwenye lawama. Lakini mrushaji aliyesimamishwa karibu na kilele cha maandalizi, akaachwa miezi mitatu bila kujua hatima yake, kisha akapewa majuma matatu kufanya kazi ya majuma sita, huyo kano yake haikukatika tu. Ilikatwa, na walioikata waliketi wakiwa na kalenda mbele yao. Mwandishi wa habari za michezo anayechagua kauli ya kutendeka katika kisa kama hicho amekwisha kutoa hukumu bila kujua, na hukumu hiyo imewaachilia huru wale waliopaswa kuulizwa maswali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa besiboli ulionekana mwaka 1995, ukapanuka mwaka 2020, na ukaonekana tena mwaka 2022. Wanaoushika mwiko na chokaa wanajulikana. Kazi iliyobaki ni kuwataja, na kuwataja kwa kitenzi kinachowastahili.